Jinsi ya Kumshuku Mumeo kwa Kurasa Mia Tatu

Chagua usiku ambao kesho yake una kikao cha saa mbili asubuhi. Riwaya ya taharuki ya kisaikolojia haisomwi likizoni, mtu akiwa ameshiba usingizi na akili imetulia. Utamgundua mhalifu mapema na pesa yako itakuwa imekwenda bure. Sura zake ni fupi kwa makusudi. Kila moja inaishia mlango ukigongwa au barua ikifunguliwa, nawe utajiapiza "hii tu, kisha nalala" mpaka adhana ya alfajiri ikukute macho makavu.

Kitabu chenyewe utakijua kwa jalada: mwanamke amekupa mgongo, au nyumba nzima ni giza isipokuwa dirisha moja. Kama kwenye jina lake la Kiingereza kuna msichana, chukua bila kusoma maelezo ya nyuma. Mtindo huo ulishika kasi baada ya Gone Girl ya Gillian Flynn mwaka 2012, ukachochewa na The Girl on the Train ya mwaka 2015, ya Paula Hawkins, mzaliwa wa Harare. (Wasichana wenyewe ni watu wazima. Mmoja ana ndoa ya miaka 5, mwingine ameshaachika. Usiulize.)

Ukishakifungua, usimwamini anayekusimulia. Huyu wa kwenye treni ni mlevi, na usiku wenyewe wa tukio haukumbuki. Mwenzake katika Before I Go to Sleep ya S. J. Watson, ya mwaka 2011, akilala tu kumbukumbu zinafutika. Kila asubuhi anaamka kando ya mwanamume asiyemjua, anaambiwa ndiye mumewe. Na yule wa Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier ya mwaka 1938, anasimulia kitabu kizima bila kututajia jina lake. Watu wa namna hii, mtaani kwenu, usingewakopesha hata elfu tano. Hapa unawakabidhi usiku wako, wanakudanganya mchana kweupe, na ukigundua umedanganywa unacheka peke yako na kwenda kununua kingine. Uongo huo ndio tunaoulipia. Wanaodai kwamba wanasoma ili "kuielewa nafsi ya binadamu" ndio haohao wanaofunika jalada kwa gazeti wakiwa kwenye daladala.

Usichanganye na upelelezi. Waliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wanaijua raha yake: kuna maiti, kuna kiko, na mwisho wa yote mwenye akili analifumbua fumbo, watu wakalala. Huku hakuna Bwana Msa anayekuja. Kuna nyumba, kuna ndoa, na anayekuletea chai ndiye mtuhumiwa. Bibi zetu walikwisha kuisema biashara yote hii kwa maneno manne, kikulacho ki nguoni mwako, wala hawakudai senti.

Sasa mazoezi ya nyumbani. Mtazame mumeo anavyoilaza simu kifudifudi. Jana hakufanya hivyo. Au alifanya? Hapo umeshaingia. Ila jihadhari na hila za kizamani. Katika Gas Light, tamthilia ya Patrick Hamilton iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1938, mume anapanda ghorofa ya juu kwa siri usiku, taa za gesi chini zinafifia, kisha anamtia mkewe shaka kwamba akili zimemruka. Kwetu hila hiyo ingekufa siku ya kwanza. Taa zinafifia kila jioni, na mke anachouliza ni kama jirani naye hana umeme.

Zoezi gumu zaidi liko kwa Patricia Highsmith, mwanamke aliyefuga konokono kwa mapenzi. Katika The Talented Mr. Ripley, ya mwaka 1955, Tom Ripley anamuua rafiki yake, anavaa nguo zake, anatumia jina lake na pesa zake. Polisi wakibisha hodi, wewe ndiye unayetokwa na jasho. Unamwombea asikamatwe! Muuaji! Wewe uliyemgombeza mtoto jana kwa kusema uongo kuhusu sukari. Funga kitabu kidogo, unywe maji, kisha uendelee. Hakuna msomaji aliyewahi kukiacha hapo kwa sababu za maadili.

Ukimaliza, usimsimulie mtu mwisho wake. Hili si mzaha, undugu umevunjika kwa makosa madogo kuliko hayo. Mumeo akikiomba, mpe, tena kwa tabasamu. Akifika katikati ataanza kukuuliza, kama mtu asiye na neno, ulikuwa wapi Jumanne jioni. Mjibu kwa kituo, na hakikisha jibu halipishani na lile ulilompa mama yake.