Meza Kwanza, Ramani Baadaye

Bwana mipango kagoma: ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji haichorwi mpaka inunuliwe meza ya kuinamishwa, taa yenye shingo na kiti cha kuzunguka. Haya, bingwa wa vikao! Wazee wa Shinyanga wamekwishachuchumaa chini ya mwembe: mfereji wa kijiti ndio mto, majivu barabara, punje za mahindi kaya. Kijana kanakili yote kwa penseli kwenye karatasi ya manila, juu ya dawati la shule. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, mipaka ya ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayohifadhiwa kijadi, ilikuwa vichwani mwa wazee, meza haikuwapo. Ikifika, tuiandalie chai. Kamati ya kuizindua imeshaomba posho.