Kwa Jamaa wa Manga: Mezani kwa Wayahudi wa Minnesota

Myahudi anayeshika dini hachanganyi nyama na maziwa. Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamake, na kutokana na katazo hilo jiko zima limegawanywa: sufuria za nyama na sufuria za maziwa, visu vyake, vijiko vyake, pengine hata sinki mbili. Huko St. Louis Park, kando ya Minneapolis, Wakisii wanaotunza wazee wa Kiyahudi hulazimika kulijua jiko hilo upesi. Msabato wa Manga, huko Ugusii, aliyekwisha kukataa nguruwe na kambare kwa Walawi 11, hudhani mtihani ameupita. Kumbe mboga ya chinsaga iliyolazwa kwa maziwa ikigusana na kipande cha kuku vikiwa moto, sahani imeharibika, na mwiko una kesi. Baada ya nyama, wengi husubiri saa sita ndipo wanywe chai ya maziwa. Wenye asili ya Ujerumani husubiri saa tatu; wa Uholanzi, saa moja. Mkisii akisikia hayo huuliza, kwa heshima zote, namna ya kuhamia Uholanzi.

Mkate ndio wenye itifaki. Maji humiminwa kwa kikombe cha vishikio viwili, mara mbili au tatu mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Baraka ikishasemwa hakuna mazungumzo mpaka mkate uchovywe kwenye chumvi na kuliwa. Chumvi ikisahaulika jikoni, mwenye nyumba huiagiza kwa nyusi na "mm! mm!" mpaka ifike. Ugali hauna usumbufu huo: mkate wa sheria ni wa nafaka tano, na mahindi na wimbi hayamo.

Kila chakula kina baraka yake. Parachichi hubarikiwa kama tunda la mti, ndizi kama zao la ardhi, maana mgomba si mti. Abayudaya wa Mbale, Uganda, wanaoifuata dini hii tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoipokea mwaka 1919, wanaishi kwa matoke na kanuni hiyo haiwapi likizo. Sala ndefu huja baada ya kushiba, kama Kumbukumbu la Torati 8:10 inavyoagiza. Manga huombwa kabla, na supu hupoa ikisikiliza.

Katika maneno, mgeni kutoka Manga yuko nyumbani. Ukiuliza hali hujibiwa "Baruch Hashem", Mungu abarikiwe, hata na aliyevunjika nyonga. Safari ya kesho ni Mungu akipenda. Mtoto hasifiwi bila kuongeza "bli ayin hara", jicho baya lisimpate. Siku ya kuzaliwa mtu hutakiwa aishi mpaka 120, umri wa Musa. Wazee waliopita 90 huitikia amina, kisha hutoa kwa sauti kubwa hesabu ya miaka inayobaki.