Heko kwa Kambale, Bwana wa Tope

Kuna samaki wanaoheshimiwa hata kabla ya kufika jikoni. Sato ana magamba yanayometameta, sangara ana kimo na minofu, dagaa ni wadogo lakini wana umoja wao. Kambale hakupewa hata kimoja cha kujivunia. Kichwa kimebanwa bapa, macho ni madogo, ngozi ni utelezi mtupu, na harufu yake ya tope haitoki kwa maji ya kwanza wala ya pili. Hata hivyo, katika mabonde ya Karagwe na Kyerwa, ambako Mto Kagera hujitandaza ndani ya mafunjo na kuacha maziwa madogo pembeni, hakuna samaki anayedai sifa kwa haki kama huyu.

Asifiwe kwanza kwa kutuondolea unyonge mbele ya mataifa ya baridi. Huko Finland na Minnesota, mvuvi wa ndoano husubiri ziwa ligande hadi barafu ifike angalau sentimeta 10, kisha hutembea juu ya maji kwa miguu yake, hutoboa tundu na kuketi kando yake na kamba fupi mkononi. Chini samaki wanaishi, kwa sababu maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Hayo huzama, na barafu huelea juu. Wavuvi hao hujisifia samaki wao wa majira ya baridi, burbot, mtelezi mwenye ndevu moja kidevuni, ambaye hutaga mayai katikati ya baridi kali, ziwa likiwa limefunikwa na barafu. Kambale ana sharubu nane. Kwa hesabu ya ndevu, Kagera inaongoza kwa saba.

Na Karagwe ilikaribia kuingizwa kwenye orodha ya nchi za barafu, walau kwa jina. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Speke na James Grant, Waingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, walikaribishwa na Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Ziwa walilolitazama jirani na makao yake lilimkumbusha Grant ziwa la kwao, wakaliita Windermere Ndogo. Windermere kubwa, ya Uingereza, iliganda mwaka 1895 watu wakatembea juu yake. Ile ndogo haijapata kuganda. Kwenye kingo za maji ya Karagwe, anayetaka kusimama pasipozama hupewa tope, na tope humzamisha hadi magotini.

Hapo ndipo ufalme wa kambale unapoanza. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinapopunguza maji, vidimbwi hubaki peke yao, hewa majini huadimika, na samaki wenye magamba ya kujivunia huelea matumbo juu. Kambale hupanda juu, hugugumia hewa kwa mdomo na kushuka tena. Nyuma ya matamvua yake ana viungo vyenye matawimatawi vinavyomwezesha kupumua hewa ya kawaida, kwa hiyo mradi ngozi ina unyevu, anaweza kukaa ndani ya tope akisubiri siasa ya mawingu ibadilike. Ikibidi, hujikokota usiku juu ya majani mabichi kwa miiba ya mapezi yake kutafuta dimbwi lenye matumaini zaidi.

Mvua zikirudi, yeye ndiye wa kwanza kupata habari. Maji yanapofurika majanini, kambale hutoka mtoni kwa makundi, usiku, na kutaga kwenye nyasi zilizozama. Mayai hunata kwenye majani, na maji yakiwa na joto la kutosha huanguliwa kwa takriban siku moja. Wazazi huondoka bila kuaga. Mvuvi anayejua kazi yake haangalii kalenda ya ukutani. Akisikia maji yanachupachupa kwenye nyasi zilizokuwa kavu juzi, hutayarisha ndoano.

Wapo watakaomshutumu kwa ulafi. Ni kweli kwamba hula wadudu, vyura, samaki wenzake na mizoga, na kwamba wavuvi humtega kwa minyoo, utumbo wa kuku, hata kipande cha sabuni. Lakini ulafi huu ni ukarimu kwa mvuvi maskini: hakuna samaki mwingine anayempunguzia gharama ya chambo kiasi hicho. Watu husema familia fulani ni ya kambale, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto naye ana sharubu, wakimaanisha nyumba isiyo na mkubwa. Kwa macho ya leo, hiyo ni nyumba ya usawa kamili, iliyotangulia semina zote.

Dini nayo imemtendea wema kwa njia ya pembeni. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinakataza samaki asiye na magamba, na Waadventista Wasabato hulishika neno hilo. Kwa hiyo kila Msabato anayepita mbele ya meza ya muuzaji anamwachia jirani kipande chake. Jirani humkuta kambale amekunjwa mkia mdomoni, amekaushwa kwa moshi, tayari kuungwa na kuliwa na ndizi. Aliyesema samaki mkunje angali mbichi lazima alikuwa na kambale mkononi.

Hata watoto wake wana ajira. Kwenye Ziwa Victoria, ambako Kagera humwaga maji yake, vifaranga vya kambale hutundikwa wakiwa hai kwenye ndoano za kumtegea sangara, na minofu ya sangara husafiri kwa ndege hadi Ulaya.

Siku hizi mvuvi ana mipaka ya kuikumbuka. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, na ndani yake si mahali pa kutupa ndoano kiholela. Kagera yenyewe ni mpaka: ng'ambo moja ni Rwanda, na kule Murongo, Kyerwa, ng'ambo ni Uganda, ambako msafiri anayevuka daraja hupanga foleni kugongewa muhuri. Kambale hupita chini ya daraja bila pasi, na masika yakiwa mazuri hutaga katika nchi yoyote yenye nyasi zilizofurika.