Farasi Kumi na Tano Tezini

Mashine ya kupachika ni injini ya boti inayokaa yote nje ya chombo: kichwa juu, mguu chini, rafadha mwisho wa mguu, na vibano viwili vinavyoishika kwenye ubao wa tezi. Haihitaji chumba chake, na iliyo ndogo inaweza kung'olewa jioni ikarudishwa nyumbani. Katika pwani ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoyakunja matanga ya vyombo vingi vidogo. Iliyoifanya ivume duniani ni ile ambayo Ole Evinrude, fundi Mmarekani mzaliwa wa Norwei, alianza kuiuza mjini Milwaukee mwaka 1909. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia ziwani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika. Kama ni kweli, basi mashine hii ilizaliwa na mkasa, na mpaka leo haijausahau ukoo wake.

Ununuzi huanza na nguvu, nayo nguvu huhesabiwa kwa farasi. Farasi mmoja ni takriban wati 746, kwa hiyo mashine ya farasi 15 hutoa kama kilowati 11. Hesabu hii haijawahi kumzuia mtu. Anayehitaji farasi 15 kwa mashua yake ya kuvulia hutoka nyumbani akitaka 15. Akipita barazani huambiwa kwamba hizo ni za kuchezea watoto, achukue 25. Akifika walipo manahodha, hata 25 huonekana aibu: fulani ana 40, na chombo chake ni kidogo kuliko hiki. Hakuna anayetaja kwamba mashine ya farasi 40 ina uzito wa zaidi ya kilo 70, karibu mara mbili ya ile ya 15, na kwamba uzito huo utaning'inia nyuma kabisa, mahali ambapo mashua ya mbao haikujengwa ibebe kitu. Chombo kilichopewa mashine kubwa mno huketi kwa tezi, omo ikaangalia mawingu, na nahodha akalazimika kusimama ili aone aendako. Kinachomrudisha mnunuzi kwenye 15 si hoja hizi. Ni bei.

Balaa lenyewe, hata hivyo, haliko kwenye farasi. Liko kwenye inchi, na inchi hazizungumzwi barazani. Mguu wa mashine hutengenezwa kwa urefu maalumu: mfupi ni wa tezi yenye kimo cha inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, na upo mrefu zaidi wa inchi 25. Kimo hupimwa katikati ya ubao wa tezi, kuanzia ukingo wa juu vitakapokaa vibano hadi chini kabisa ya chombo. Bamba lililo juu ya rafadha linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo, au lishuke kuipita kwa kiasi cha inchi moja. Mguu ukipungua, rafadha hufyonza hewa, ikapiga kelele na kusaga povu huku chombo kikiwa palepale. Ukizidi, huburuta maji na kula mafuta, na maji yakipwa ndio wa kwanza kuonana na mwamba.

Mnunuzi anayeulizwa dukani kimo cha tezi yake kwa kawaida hujibu kwa urefu wa boti nzima, maana huo anaujua. Akibanwa, hukumbuka kwamba aliwahi kupima kwa mkono akapata shibiri mbili. Shibiri mbili ni kama inchi 18, na mashine ya inchi 18 haiko dukani. Muuzaji mzoefu hasemi neno. Humuuliza anataka mguu upi, naye huchukua mrefu, kwa kuwa chuma kilichozidi huonekana ni faida.

Mapatano ya bei hayana jipya. Muuzaji humwita mteja "mzee wangu" na kuapa kwamba anampa bei hiyo kwa sababu ni yeye, ingawa wameonana asubuhi ileile. Linalostahili muda ni namba iliyogongwa kwenye kibandiko cha kibano, ambayo lazima ilingane na ile ya risiti, kwa sababu mashine huibwa pwani kila mara na zilizoibwa huuzwa kwa bei ya kuvutia. Badala ya kusoma namba, mnunuzi hufungua kofia ya mashine, hutazama ndani kwa makini na kutikisa kichwa kama daktari. Kitabu cha maelekezo hubaki katika plastiki yake, na hapo ndipo hukaa salama kuliko kifaa kingine chochote kilichomo ndani ya boksi.

Usafiri hadi ufukweni ni sura ya pekee. Mashine ya tustroki, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, huvumilia kulazwa. Ya fostroki, ambayo oili yake hukaa chini ndani ya injini, ina upande mmoja tu wa kulalia, nao umechorwa kwenye mashine yenyewe. Ikilazwa upande mwingine oili huingia kwenye silinda. Mwenye bajaji hutazama urefu wa kiti chake, hatazami mchoro. Mashine hulala inavyoenea, rafadha ikitokeza nje na kuwapungia wapita njia.

Kufunga mashine, kwa mujibu wa maelekezo, ni kazi ya watu wawili. Ufukweni huwa ni ya kadamnasi. Kuna fundi aliyeitwa, kuna fundi aliyejiita, na kuna mzee chini ya mkungu ambaye hajawahi kumiliki mashine lakini alizijua za zamani, zilizokuwa mashine kweli. Hapo ndipo inchi zinapodai haki yake. Mguu wa inchi 20 ukiwekwa kwenye tezi ya 18 hushuka kupita kiasi, na dawa yake ni kuinua ubao kwa kipande cha mbao ngumu cha inchi mbili. Kama ungechukuliwa mfupi, ingebidi tezi ikatwe inchi tatu, na mawimbi ya nyuma yangepata mlango. Kwa hiyo mnunuzi wa shibiri alipatia, bila kujua, na ufukwe mzima humsifu kwa upeo wake.

Vibano hukazwa kwa mkono, katikati kabisa ya ubao. Mbao laini kama ya mwembe hubonyea chini ya vibano, kisha mtikiso wa injini huvilegeza, kwa hiyo huwekwa kipande cha mninga au cha chuma ndani na nje, na boliti hupitishwa kwenye matundu ya chini ya kibano. Matundu ya ubao huzibwa kwa silikoni. Fundi wa zamani asiyeiamini silikoni huongeza pamba na mafuta ya sifa, na mashua mpya hunuka ipasavyo. Mwisho kabisa inatakiwa kamba ya usalama kutoka kwenye mashine hadi kwenye taruma. Hii ndiyo huahirishwa hadi kesho, na sababu ni kwamba kila mtu ana kamba na hakuna anayeitoa.

Mashine isiyo na kamba hiyo ikilegea huondoka tezini kwa heshima, ikiwa bado inanguruma, na kimya kinachofuata humshangaza nahodha kuliko mshindo. Kuitafuta chini kunahitaji mzamiaji, na ada ya mzamiaji hupangwa baada ya yeye kuiona mashine na kabla hajasema iko wapi. Ikishatoka haipaswi kuanikwa juani kama wengi wanavyofanya: chumvi ikikutana na hewa ndipo kutu inapoanza. Huoshwa kwa maji baridi, plagi hufunguliwa, kamba ya kuwashia huvutwa polepole hadi maji yatoke kwenye silinda, oili humiminwa ndani, kisha huwashwa siku hiyohiyo. Fundi akiwa mbali, ni afadhali ilale ndani ya pipa la maji baridi mpaka afike. Shauri hili huwa gumu kumweleza mtu ambaye ametoka kulipa ili itolewe majini.

Majaribio hufanyika majini au katika pipa, kamwe si nchi kavu. Ndani ya mguu mna pampu yenye mabawa ya mpira inayopandisha maji ya kupoza injini, na mpira huo ukizunguka mkavu kwa muda mfupi tu huungua. Anayetaka kuwasikilizisha jirani zake mashine ikiwa juu ya gogo basi ananunua pampu ya pili kabla hajaitumia ya kwanza. Katika pipa dalili njema ni mchirizi wa maji unaotoka ubavuni. Dalili mbaya ni mtu kutia gia: rafadha huyatoa maji yote ya pipa kwa mkupuo mmoja na kuwagawia waliosimama karibu.

Baada ya hapo huja saa ndefu ya mashine kukataa kuwaka. Sababu ni chache na zinajulikana. Kamba nyekundu ya usalama, ambayo hufungwa mkononi mwa nahodha ili injini izime akitumbukia, haijachomekwa mahali pake. Ufunguo mdogo wa hewa juu ya kifuniko cha tangi umefungwa, hivyo mashine huwaka, huenda kidogo, kisha hukata roho mbali na ufukwe. Au mpira wa mafuta umeungwa kinyume na mshale. Lakini kabla ya kufikia haya, plagi hufunguliwa, kabureta hushushwa, petroli huonjwa na kutuhumiwa kuwa na mafuta ya taa, na mwenye duka hutajwa pamoja na ukoo wake. Anayeigundua kamba nyekundu mara nyingi ni mtoto, na kwa kuwa ni mtoto husikilizwa wa mwisho.

Mafuta ya tustroki yana hesabu yake. Mashine nyingi za aina hii hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Ikiwa mpya, oili huongezwa maradufu, moja kwa 25, katika saa 10 za mwanzo. Tangi la lita 24 basi hudai karibu lita moja ya oili, na mnunuzi huiona kuwa ni njama ya wauza oili. Akipunguza, pistoni hunata kwenye silinda. Akimimina bila kipimo, moshi hufunika chombo na plagi huchafuka. Aliyezoea tustroki akanunua fostroki huchanganya tu kwa mazoea, na moshi ukitoka huambiwa ndiyo afya ya mashine.

Saa hizo 10 ndizo mtihani wa tabia. Dakika 10 za kwanza mashine hunguruma kwa moto mdogo kabisa, muda uliobaki wa saa ya kwanza haipaswi kuvuka nusu ya nguvu, na baadaye nguvu yote hutolewa kwa dakika chache tu, kisha hupunguzwa. Hakuna hotuba ya kuwaeleza mabaharia jambo hili. Kusi likivuma, ngalawa ya tanga, iliyolipiwa miaka mingi nyuma, huipita mashine mpya mkondoni, na waliomo huuliza kwa sauti kama wanaohitaji kuvutwa wana kamba. Nahodha mvumilivu hutazama mbele. Asiyevumilia hufungua moto wote, huipita ngalawa, na wiki chache baadaye huanza kuulizia bei ya pistoni.

Usiku, mashine ndogo hailali tezini. Hung'olewa, hubebwa mabegani, husimamishwa sebuleni karibu na mlango, na harufu ya petroli huingia kwenye mchuzi wa watu. Mwenye nyumba hudai ni ya siku mbili tatu tu. Kabla ya kuingizwa sebuleni mashine huwashwa kidogo ikiwa ndani ya maji baridi ili kuitoa chumvi, na saa 10 zikitimia oili ya gia hubadilishwa kwa mara ya kwanza. Oili ikitoka nyeusi hakuna neno. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye gia, na fundi aliyeitwa na fundi aliyejiita huitwa tena, safari hii wote wawili kwa malipo.