Uainishaji wa Awali wa Majirani wa Tembo

Wanaojadili tembo wamegawanyika kambi mbili: wanaomwita mharibifu na wanaomwita mjenzi. Kambi zote mbili zina kasoro moja ya kimbinu: hazijawahoji majirani. Makala haya yanaziba pengo hilo. Kigezo ni kimoja: kila jirani angesema nini akiitwa barazani?

Kundi A: Walalamikaji. Mwenyekiti ni mbuyu wa Tarangire. Kiangazi kikikaza, tembo huuchimba kwa pembe akitafuta unyevu, hadi shina libaki na shimo la kumtosha mtu kujificha. Katibu ni miti ya jamii ya manemane ya Tsavo Mashariki, iliyoangushwa kwa wingi miaka ya 1960. Malalamiko yao yamepokelewa.

Kundi B: Wanufaika wasioshukuru. Tsavo hiyohiyo, miti ilipopungua nyasi zilitanda, na pundamilia wakazifuata. Methali ya mafahali na nyasi basi ihaririwe: ndovu wasipopigana, nyasi hunenepa. Wamo pia mijusi wadogo wa Laikipia, wanaojazana kwenye nyufa za miti iliyovunjwa, na dundu wa mavi. Tembo mzima hula takriban kilo 150 kwa siku, na zaidi ya nusu hutoka bila kumeng'enywa. Mbegu zilizomo husafiri bure na kufika zikiwa na mbolea yake.

Kundi C: Wenye walinzi binafsi. Mgunga wa udongo mweusi wa Laikipia huwapa sisimizi nyumba ndani ya vinundu vya miiba yake, na utomvu mtamu kama mshahara. Mkonga ukigusa tawi, walinzi huingia puani. Mnyama wa tani tano hughairi mlo.

Kundi D: Wasiohusika. Humu angewekwa simba, kwa kuwa hali majani wala hana miti. Lakini sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa walivamia Laikipia wakawamaliza walinzi wa Kundi C. Tembo wakaivunja migunga, uwanda ukawa mweupe, pundamilia wakawa wanamwona simba kwa mbali, naye akalazimika kuwageukia nyati. Kundi D limevunjwa rasmi.

Mjadala. Mtafiti Richard Laws alitaka tembo wa Tsavo wapunguzwe kwa risasi. Mkuu wa hifadhi, David Sheldrick, akakataa. Ukame wa 1970–71 ukaua maelfu, majangili wakafuatia, na vichaka vikarudi. Wanachama kadhaa wa Kundi B wakahamia Kundi A bila kujaza fomu.

Hitimisho. Anayemhukumu tembo ataje kwanza mahali, mwaka, na idadi ya tembo wenyewe; bila hayo, anahukumu mkonga tu.

Mkulima anayepakana na hifadhi hakuainishwa, kwa sababu za kiutawala. Vikao vyake hufanyika saa nane za usiku, katikati ya mahindi, na kumbukumbu zake huchukuliwa kwa kupiga debe.