Tairi Pana ni la Wanaobaki Nyuma

Upana wa tairi la gari la spoti huchaguliwa na watu wasiopanda gari hilo. Nasema wale wanaolitazama kwa nyuma kwenye foleni ya Mwenge, vijana wa bodaboda waliokaa kijiweni, na mwenye gari mwenyewe pale anapoegesha, akarudi hatua kadhaa na kutoa simu apige picha. Abiria wa kiti cha nyuma haulizwi. Mimi ndiye huyo abiria. Shemeji yangu kamwoa dada, nami nikapata haki ya lifti.

Gari lenyewe ni Altezza, tena RS200: manyuo, gia sita, injini ya lita mbili ambayo Yamaha walitia mkono wao, nguvu za farasi 210. Toyota waliitoa kiwandani ikiwa na matairi ya 215/45R17. Hiyo 215 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni inchi za rimu. Shemeji anayajua yote haya. Dada anasema huyataja hata usingizini.

Maisha yalikuwa yakienda vizuri mpaka jirani mmoja alipoleta Mark X yenye miguu minene nyuma. Shemeji aliizunguka, akachuchumaa, akanyanyuka bila kusema neno. Jioni akaniambia, "Shem, gari letu linaonekana kama limefunga." Nikamwambia gari halifungi. Akasema sijui kitu kuhusu magari, na hapo hakukosea sana, ila matumbo ya Altezza ile nayajua kuliko yeye, maana ndimi ninayeyasikia yakilia.

Tukaenda Ilala kwa muuza matairi ya mtumba. Alitushushia seti ya 245/45R17 na kuipiga kofi. "Bosi, ukifunga hizi gari haliachi lami hata ukilibembeleza." Mimi nikachungulia zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, zilizosomeka 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi yenye umri wa mwanafunzi wa shule ya msingi. "Ya Japani hayazeeki, kaka," akanijibu muuzaji, naye shemeji akaitikia kwa kichwa kana kwamba amesomewa aya.

Hapo ndipo hesabu ilipowakimbia wote wawili. Ile 45 ni asilimia, kwa hiyo ukipanua tairi bila kuigusa, tairi linarefuka pia. La zamani lilikuwa na kipenyo cha milimita 625 hivi. Hili jipya 652. Anayetaka 245 bila kubadili kimo cha gurudumu anatafuta 245/40, ambayo ni 628, tofauti isiyoonekana. Halafu kuna rimu. Rimu za Altezza zina upana wa inchi 7, na tairi la 245/45 linataka kuanzia 7 na nusu kwenda juu. Fundi alilifunga hivyo hivyo kwa sababu alilipwa alifunge. Likakaa kama mtu mwenye kitambi aliyeazima suruali ya mdogo wake: mbavu zimemwagika nje, na mguu unayumba ndani. Shemeji akalitazama kwa machozi ya furaha.

Tukio la kwanza la heshima lilikuwa send-off Tegeta. Nyuma tulikaa mimi, dada na shangazi yetu, aliyevaa sare ya kitenge na kilemba kilichogusa dari. Tuta la kwanza tu, madigadi ya nyuma yakasema *chraaa*. Tuta la pili, *chraaa*, na harufu ya mpira. Shemeji akapunguza mwendo, akatuomba kwa adabu tusogee katikati. Watu watatu wasogee katikati waende wapi? Tuta lililofuata akasimama kabisa, akageuka, akameza mate. Kumwambia mama mkwe mdogo kwamba uzito wake unakwaruza gari ni jambo ambalo hata wazee wa Pwani hawajalitungia maneno.

Shangazi akamwokoa. "Mkwe wangu, hili gari ni la kupanda au la kuangalia?"

"La kupanda, shangazi."

"Basi acha tushuke, maana tukipanda linalia."

Tukashuka. Kila tuta tukashuka. Wenye bajaji walitupita wakitupa pole, wengine wakauliza kama tumeishiwa mafuta. Kwenye kona kali matairi ya mbele nayo yakakwangua plastiki za ndani, kwa hiyo kuingia ukumbini kulihitaji kwenda mbele na kurudi nyuma kama meli inayotia nanga, huku mshereheshaji akitutangaza kwenye spika.

Kurudi, mvua ikanyesha. Barabara ya Bagamoyo ikajaa maji yaliyotuama, na katikati ya mwendo usukani ukawa mwepesi ghafla, kama haukuunganishwa na kitu. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, na likiwa na kashata zilizoliwa linashindwa, linapanda juu ya maji na kuelea. Gari lilielea kidogo tu. Shangazi alifika mwisho wa dua ndefu kabla halijakanyaga lami tena.

Siku nyingine trafiki akatupiga tochi kwenye eneo la 50. Shemeji alishuka na utetezi wake tayari: afande, tairi limekua, mita inasoma pungufu. Na kweli, gurudumu likirefuka kwa asilimia 4 mita huachwa nyuma kiasi hicho hicho. Lakini tochi ilisoma 63. Asilimia 4 ya 50 ni 2, na hizo 11 zilizobaki ni za mguu wake. Afande alisikiliza somo lote kwa utulivu, akaandika shilingi 30,000.

Kinachoniudhi ni kwamba Toyota wenyewe walishalijibu swali hili. Mwaka 2012 walipotoa gari lao la spoti la 86, mhandisi wake mkuu, Tetsuya Tada, hakulifungia matairi ya kutisha. Lilikuja na 215/45R17, aina iliyofungwa pia kwenye Prius, ili dereva alisikie gari likianza kuteleza katika mwendo ambao bado anaweza kulirudisha. Kipimo kile kile ambacho shemeji alikiona cha aibu! Tena eneo la mpira linalogusa lami hutokana zaidi na uzito wa gari na upepo uliojazwa. Kwa gari kama hili ni sentimita za mraba 150 hivi kwa kila tairi. Ukilipanua tairi, alama yake chini inakuwa pana na fupi badala ya nyembamba na ndefu. Hilo husaidia kwenye kona kavu, sikatai, na mwenye rimu za inchi 8 na nusu na njia ya mashindano ana sababu. Sisi tuna Sinza.

Niliyasema haya yote kwa shemeji. Hayakumwingia. Kilichomwingia ni dada aliyetangaza kwamba safari ijayo ya ukweni wataenda kwa bajaji, na shangazi ndiye atakayeeleza sababu.

Fundi mmoja mzee wa alaimenti ndiye aliyemaliza kesi. Akapima rimu, akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi, akasema, "Weka 225/45. Rimu yako inaikubali, haitagusa kitu, na wewe utakuwa umeongeza." Neno *umeongeza* lilifanya kazi ambayo hesabu zangu hazikuweza.

Sasa gari limetulia, matuta tunayapita tukiwa tumekaa. Ila kijiweni, vijana wakimuuliza amefunga ngapi, shemeji hutazama pembeni na kusema, "Mbili thelathini na kitu hivi." Hakuna mwenye rula.