Sifa za Marehemu Concord

Gemu yangu bora ya mwaka 2024 ni Concord, ile gemu ya risasi ya mtandaoni ya Sony. Najua tuzo kuu ilikwenda kwa Astro Bot, na najua walioshikwa na Balatro hawasikii la mtu. Lakini waamuzi wa tuzo huangalia gemu inakupa nini, hawaulizi inakuchukulia nini. Tukienda kwa hesabu hiyo ya pili, Concord haina mpinzani.

Ilitoka tarehe 23 Agosti kwa PS5 na kompyuta, baada ya mimba inayosemekana ilikuwa ya miaka kama minane. Tarehe 6 Septemba Sony ikazima seva na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Siku za mwizi ni arobaini. Concord iliishi kumi na nne, hata wizi haikuwahi kujifunza. Nitajieni gemu nyingine iliyoondoka mjini bila kudaiwa.

Na ilikuwa na staha, maana haikupenda vurugu za umati. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, siku ilipofurika kabisa, walikuwamo watu 697 kwa mpigo. Harusi ya mtaani hujaza zaidi, lakini harusini utagombania kiti na pilau. Huku ungecheza watano kwa watano mpaka mjuane, mwishowe umpige mtu risasi kisha umuulize hali ya nyumbani.

Wapiganaji walikuwa kumi na sita: Lennox mwenye ngozi ya kijani na bastola, Jabali aliyekuwa akiwatibu wenzake, 1-Off roboti la kuzoa taka lenye mdomo wa kufyonza. Wengi wao walivaa kama walioamshwa umeme umekatika. Hakuna hata mmoja aliyekukaa kichwani, na wazazi wenzangu mtaniunga mkono kwamba hiyo ni neema. Hakuna mtoto aliyelilia begi la Lennox, wala keki ya kuzaliwa yenye sura ya Jabali.

Sasa linganisha na Skull and Bones, gemu ya maharamia. Hiyo ilitangazwa 2017, ikatoka Februari 2024, na bosi wa Ubisoft akajigamba kuwa ni ya A nne, wakati magemu makubwa ya wenzake yanatosheka na tatu. Imekuja mpaka Bahari ya Hindi na pwani ya Afrika, lakini haramia wake harukii chombo cha adui na upanga mkononi. Unabonyeza, unaonyeshwa kisinema kifupi, unakabidhiwa mali kama mtu aliyefuata mzigo bandarini. Kisha ikaendelea kuleta apdeti msimu baada ya msimu. Gemu mbovu nusunusu hukuachia tumaini, na tumaini linakula bando. Concord ilikukatia tamaa mapema, ukalala.

Hatari kuliko zote ni zile nzuri. Balatro, kazi ya Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, ni karata tu. Unapanga mkono wa poka, majokeri wanazidisha alama, namba zinawaka moto, nawe unajiapiza kwamba hii ndiyo raundi ya mwisho. Mtafute aliyeianza baada ya isha, umsikie anavyoilaumu adhana ya alfajiri kwa kuwahi. Halafu hiyo nayo ikapewa tuzo zake!

Concord hata kufa ilikufa kwa ukarimu. Ilipotangazwa kwamba seva zinazimwa, waliobaki walianza kujirusha makusudi kwenye mashimo, wakifa na kufufuka na kujirusha tena, ili wakusanye pointi upesi na kulipata kombe la platinamu la PlayStation kabla milango haijafungwa. Wachezaji wenzao waliwaelewa, nao wakajirusha. Ni gemu ngapi za risasi zimewahi kuleta maelewano kama hayo?

Tarehe 6 Septemba hiyohiyo, Sony ikaiingiza Astro Bot sokoni kwa dola 60. Aliyerudishiwa dola 40 za Concord alikuwa anapungukiwa na 20 tu.